Mchoraji wa Ukumbusho

Ndugu zetu wa Katanga wana neno lao kwa picha itundikwayo katika chumba cha kupokelea wageni. Huiita ukumbusho. Hawamaanishi picha ya arusi au ya safari tu, bali picha imfanyayo mtu anyamaze kidogo, kisha aanze kusimulia. Katika miaka ya 1960 na 1970 picha za namna hiyo zilionekana katika nyumba nyingi za wafanyakazi na makarani wa Lubumbashi na miji ya migodi. Nyingine zilionyesha kijiji cha wazee wetu. Nyingine mamba muntu, yule nusu mwanamke nusu samaki agawaye utajiri kwa mapatano mabaya. Nyingine tena Colonie Belge, yaani uwanja wa gereza, mtu amelazwa kifudifudi, askari mweusi anampiga kiboko, na Mzungu amesimama kando akitazama.

Mmoja wa wachoraji hao ndiye Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1947. Alichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, akazichukua picha zake mwenyewe na kwenda kutafuta wanunuzi nyumba kwa nyumba. Kuchora ndiko kulikomlisha yeye na jamaa yake.

Ulaya nako walikuwako waliochora maisha ya watu wa kawaida. Mdachi Wilhelm Leibl, aliyezaliwa Köln mwaka 1844, alikaa katika vijiji vya Bavaria, akatumia miaka 1878 hadi 1882 kuchora wanawake watatu wa shamba wakisali kanisani. Mikono ya yule mzee ashikaye kitabu imechorwa kwa uvumilivu wa ajabu. Lakini picha hiyo haikubaki katika kijiji kile. Leo imo katika jumba la sanaa la Hamburg. Picha za Tshibumba, kinyume chake, zilinunuliwa kwanza na watu wale wale ambao habari zao zilichorwa. Mimi naona tofauti hiyo si ndogo. Mtu akinunua picha ya kiboko kwa mshahara wake mwenyewe na kuitundika mbele ya watoto wake, amekwisha kuamua ni jambo gani wasilisahau.

Mwaka 1973 Tshibumba alibisha hodi kwa Johannes Fabian, mwalimu mzaliwa wa Ujerumani aliyefundisha wakati ule katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Walizungumza kwa Kiswahili cha Katanga. Ilionekana upesi kwamba mgeni huyu hakuwa mwuza picha tu: alijiona kuwa mwandishi wa historia ya nchi yake, ila kalamu yake ilikuwa burashi. Basi akaanza kuchora historia yote ya Kongo, tangu zamani za kale hadi siku zake, na kwa kila picha akaeleza maana yake, na maneno yake yakanaswa katika kanda. Hata mwaka 1974 ulipokwisha, picha zilikuwa zimepita mia.

Mojawapo yahusu mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière, Desemba 1941, askari walipowapiga risasi watu waliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville. Tshibumba alikuwa hajazaliwa. Katika picha yake gavana Maron mwenyewe anamwua Léonard Mpoyi, kiongozi wa wagomaji. Ndivyo watu walivyosimuliana majumbani, naye akachora alivyosimuliwa. Nyingine yaonyesha maiti za Lumumba, Mpolo na Okito, waliouawa Januari 1961, na nyuma yao misalaba mitatu juu ya kilima. Mkristo aweza kusita hapo, nami nilisita. Lakini Tshibumba hakufanya mzaha. Alitafuta namna ya kusema kwamba mtu alikufa kwa ajili ya wengine, na namna aliyoijua yeye na wanunuzi wake ilikuwa Golgota.

Baada ya miaka hiyo wanunuzi walipungua, kwa kuwa mishahara ilipoteza thamani. Mnamo mwaka 1981 habari za Tshibumba zilikatika, asionekane tena. Mwaka 1996 Fabian alitoa kitabu chenye picha zile na maneno ya mchoraji. Picha zenyewe zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Amsterdam.

Kwa nini nawaletea habari hizi kutoka Kamanyola? Kwa sababu jina la mji wetu lilipata kupewa kikosi cha jeshi, na meli ya rais, na uwanja mkubwa wa michezo wa Kinshasa kabla haujaitwa Uwanja wa Mashahidi. Yote hayo ni kwa sababu ya vita vya Juni 1964 na waasi wa bonde la Ruzizi, ambavyo Mobutu, aliyetawala nchi tangu 1965 hadi 1997, alivifanya kuwa hadithi ya ushujaa wake. Nyanya yangu mzaa mama alikimbia mwaka ule akiwa na mtoto mgongoni. Katika masimulizi yake hakuna jenerali hata mmoja. Kuna chungu cha maharage kilichoachwa motoni, na mbuzi wawili waliowafuata njiani mpaka giza lilipoingia, na jirani aliyerudi kuchukua mkeka asionekane tena.

Waliokuwa watu wazima mwaka ule wamebaki wachache. Vijana wetu wanaojua kuchora wapo. Huandika vibao vya maduka na kupamba kuta za mikahawa. Ningependa mmoja wao aketi na wazee hawa, asikilize, kisha achukue kipande cha kitambaa. Aweke milima nyuma, na mto Ruzizi, na barabara ya Uvira imejaa akina mama wenye mizigo kichwani. Aweke na wale mbuzi. Na chini, kwa herufi kubwa, aandike: Kamanyola, 1964.