Tulivuka Bahari Kwenda Kilwa Kisiwani

Sisi ni akina mama tisa wa kikundi kimoja cha kanisa kutoka Katubuka, Kigoma, na kwa miaka miwili tulikuwa tukiweka akiba kidogo kidogo ili siku moja tuione bahari. Wengi wetu tumekulia kando ya Ziwa Tanganyika, tukadhani maji ni maji tu.

Tulipopatana kwenda kuutazama mji wa kale wa Kilwa Kisiwani, mwenzetu mmoja alipinga. Nyumba yake ya vyumba vitatu, aliyoijenga kwa mauzo ya dagaa na mawese, iliingiwa na maji bwawa la Katubuka lilipojaa kwa mvua za 2024. Kuta zililowa, zikaanguka. Tangu hapo alikuwa akipanga chumba na wanawe, na habari ya kujenga tena hakutaka kuisikia. Alituambia wazi, "Magofu ninayo ya kwangu. Ya nini nisafiri siku zote hizo kutazama ya wengine?" Hatukuwa na jibu. Tulimkumbusha tu kwamba akiba ni yake pia, akaja.

Kwa treni, Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,200. Mama unayekusudia safari hii, beba maji ya kunywa, chakula kikavu, na dawa zako kama una presha au kisukari. Usizifungie kwenye begi kubwa. Toka Dar es Salaam tulipanda basi la kusini, tukavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa 2003, na jioni tukaingia Kilwa Masoko. Hapo ndipo mgeni hulipa kiingilio na kupata kibali kabla ya kupanda mashua.

Asubuhi tulivuka. Mwenzetu aliyezoea kupiga makasia ziwani ndiye aliyeogopa kuliko wote! Kitu cha kwanza kuonekana kutoka baharini ni ngome, nayo inaitwa Gereza. Imesimama karibu kabisa na maji, na sehemu ya upande wa bahari imekwisha kuanguka.

Tulianza na Msikiti Mkuu. Tulijitanda khanga kwa heshima ya mahali penyewe. Msikiti huu ulianza kujengwa karne ya 11, ukapanuliwa karne ya 14, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Muuguzi huangalia usafi kwanza, nasi tulikawia mahali pa kutawadhia: kisima, birika za maji, na mawe ya mviringo ya kusugulia nyayo. Mambo ya miaka mia kadhaa hayo, na bado tunahangaika kuwafundisha watoto wetu kunawa mikono.

Kwa mguu tulifika Husuni Kubwa, jumba lililojengwa juu ya mwamba mapema karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Lina vyumba zaidi ya mia moja, na birika la kuogea lenye pembe nane. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331 wakati wa sultani huyo, akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri. Utajiri wake ulitokana na dhahabu iliyopitia Sofala, na sarafu zao walizitengeneza wenyewe.

Gereza tuliliacha la mwisho. Wataalamu wa lugha wanasema neno "gereza" limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Tulicheka, kisha kijana aliyetuongoza akatueleza habari yenyewe. Julai 1505 meli za Wareno chini ya Francisco de Almeida zilifika hapa. Kumbukumbu za msafara wao zinasema kwamba watawa walishuka pwani wakiimba na kubeba misalaba miwili. Msalaba ukawekwa kwenye jumba la mtawala, kamanda akasali, halafu askari wakaanza kupora mji. Wakajenga ngome, wakaiacha 1512. Sehemu kubwa ya hii tunayoiona ilijengwa upya na Waarabu wa Oman, mnamo 1800 hivi.

Tulinyamaza wote tisa, na misalaba yetu shingoni. Kijana yule, ambaye ni Mwislamu, alitutazama akasema, "Hamkuwa ninyi, mama zangu."

Magofu haya pamoja na yale ya Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, kwa kuwa mawimbi yalikuwa yakila ufuko na kuta zikianguka. Zikafanyika kazi za kukarabati na kulinda ufuko, mikoko ikapandwa, na 2014 yakaondolewa kwenye orodha hiyo.

Chakula cha mchana tulipikiwa kijijini, maana kisiwa kina watu wake. Tulimwamkia bibi mwenye nyumba, "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu. Mmetoka wapi?" Tulipotaja Kigoma alishika kichwa. Tukampa dagaa wetu na chupa ya mawese, akainusa muda mrefu.

Mwenzetu ndipo aliposema neno lake la kwanza siku hiyo. "Bibi, mawe haya yana faida gani kwenu hata mkayahangaikia?"

"Wageni wakija, wajukuu zangu wanapata nauli ya mashua, nami nauza chakula," bibi akajibu. "Lakini mikoko haikupandwa kwa ajili ya mawe tu, mwanangu. Bahari ikiimaliza ngome, inayofuata ni nyumba yangu."

Mwenzetu akasogeza kigoda. Akasimulia juu ya bwawa, maji yalivyopanda dirishani, daftari za watoto zilivyoelea. Bibi hakumpa pole ya haraka haraka. Alimpa mbuzi na nazi, akamwonyesha namna ya kukuna, wakaendelea kuongea mpaka nahodha akaja kutuita kwamba maji yanapwa.

Tukiwa njiani kwenda kwenye mashua, alisimama kwenye dirisha la Gereza, akanyoosha mkono kuupima unene wa ukuta. Hakusema kitu.

Siku ya pili ndani ya treni tulifika Tabora, tukashuka kununua asali. Tuliporudi tulimkuta ameomba kalamu, anachora juu ya karatasi ya maandazi vyumba vitatu na msingi mrefu. Akatuuliza kama kuna anayejua bei ya viwanja kule juu, Mwanga.