Tumbo inakaza

Nimekuwa kimya, nikiunda programu ya kujibu maswali ya wajawazito kwa ujumbe mfupi. Jana dada yangu, mimba ya miezi saba, aliijaribu hapa Njoro. Akaandika: "tumbo inakaza na mtoto hachezi tangu asubuhi." Programu iliona "tumbo", ikamshauri ale mboga! (Alikuwa anajaribu tu, namshukuru Mungu.)

Nimerudi kusoma PROMPTS ya Jacaranda Health: akili bandia hupanga maswali, ya hatari huenda kwa binadamu. Mwaka 2023 walitoa UlizaLlama, modeli ya Kiswahili iliyojengwa juu ya Llama ya Meta. Nitaijaribu. Kwanza nimeongeza mstari mmoja: likionekana neno "hachezi", simu ya shangazi yetu muuguzi inalia. Shangazi mwenyewe bado sijamwambia.