Meza Ndefu ya Ruwi

Mgahawa huo uko Ruwi, mjini Maskati, katika mtaa wa nyuma ambako maduka ya vitambaa yanapakana na ofisi za kubadilisha fedha. Mwenyewe alizaliwa Unguja, akafika Oman katika miaka ya 1970, baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwezi wa Julai 1970 na kuwataka Waomani waliokuwa ng'ambo warejee. Wengi waliotoka Zanzibar, wakiwemo walioihama baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, walikuwa na elimu iliyohitajiwa, wakapata kazi katika mabenki, hospitali na ofisi za serikali. Yeye hakuwa na cheti. Alikuwa na mapishi ya mama yake. Alianza na chapati, mishkaki na chai ya maziwa. Baadaye akaongeza urojo, boko boko na mkate wa ufuta.

Kwa zaidi ya miaka 40 mahali hapo hapakubadilika sana. Karibu na mlango palikuwa na meza moja ndefu ya mbao yenye mabenchi pande zote mbili. Nyuma yake, meza nne ndogo. Na ukutani, ubao wa vyakula ulioandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili. Aliyeingia alisema "Masalkheri" kwa wote waliokaa, na wote wakamwitikia.

Binti wa mwisho alipokabidhiwa hesabu, alikuta mambo ambayo mapenzi peke yake hayangeweza kuyatengeneza. Kodi ya pango ilikuwa imepanda. Moshi wa jiko ulifika mpaka mezani. Wateja wa zamani walikuwa wakipungua mmoja mmoja, kwa kuwa waliokuwa wakipungua walikuwa wakifariki, na watoto wao waliagiza chakula kwa simu kutoka kwingine. Kuuacha mgahawa ulivyo kungekuwa kuufunga polepole.

Msanifu majengo aliyeajiriwa alileta mchoro wa kupendeza: taa za kuning'inia, kuta nyeupe, na meza za watu wawili wawili mpaka mlangoni. Mzee aliutazama kwa muda mrefu.

"Na ami yako atakaa wapi, mwanangu?" aliuliza.

Aliyetajwa hakuwa ndugu wa damu. Ni mteja, mstaafu na mgane, ambaye huja kila siku baada ya Magharibi kwa chai na andazi moja.

"Atakaa popote, Baba. Viti vitaongezeka."

Mzee hakubisha. Akaurudisha mchoro mezani na kwenda kuangalia nyama.

Kunyamaza huko kulimkaa binti moyoni kuliko ubishi. Kwa wiki moja alikaa karibu na sanduku la fedha, akaandika mahali kila mteja alipokaa na muda aliokaa, bila kuandika fedha. Ndipo alipoona jambo alilokuwa akiliona tangu utotoni bila kulitazama. Yule ami alikaa peke yake kwa muda ule tu wa chai kuletwa. Ilipofika, tayari mtu alikuwa amekaa kando yake. Kwenye meza ya wawili angekabiliana na kiti kitupu, na hakuna mwenye adabu ambaye angekivuta bila kukaribishwa. Kwenye meza ndefu salamu ilitosha. Meza ile ilifanya kazi ya baraza, ile ya mawe iliyo mbele ya nyumba za Unguja, ambapo mpita njia huketi akishasalimu. Na iliifanya katika mji ambao watu huishi nyuma ya kuta ndefu na kutembeleana kwa magari.

Alikuwa na mfano wa nyumbani kwa wazee wake. Bustani ya Forodhani, mjini Zanzibar, ilikarabatiwa kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009. Wauzaji wa vyakula vya usiku wakarudi mahali pao. Bila wao ingebaki bustani nzuri ambayo watu wangeipita.

Basi akagawa kazi. Vilivyomhudumia mpishi vilibadilishwa vyote: jiko, feni za kutoa moshi, sakafu, mabomba. Palitengwa sehemu ya familia, na likafunguliwa dirisha la kuchukulia chakula ili wasambazaji wasisimame juu ya vichwa vya wanaokula. Meza ndefu ilipigwa randa, ikakazwa miguu, ikarudishwa palepale. Kazi ya kubomoa ilifanywa mchana wa Ramadhani, wakati mgahawa haufunguliwi, na jioni wateja walifuturu katika upande uliobaki, ili wasipate mwezi mzima wa kuzoea kwingine.

Hata hivyo alikosea. Ubao wa zamani aliuondoa, akaweka mpya wenye taa, kwa Kiarabu na Kiingereza. Urojo ukawa supu ya viazi. Mkate wa kumimina ukawa keki ya mchele. Hakuna aliyelalamika. Lakini siku moja aliingia bibi mmoja na mjukuu wake, akanyoosha kidole ukutani kama alivyozoea, ili mtoto amsomee. Kisha akakishusha taratibu. Mtoto yule husoma Kiarabu shuleni na Kiingereza kwenye simu. Kiswahili anakisikia kwa bibi yake, na pengine ubao ule ndio mahali pekee alipokiona kimeandikwa. Katika Oman lugha hiyo imo vinywani mwa wengi, lakini ni nadra kuiona ukutani.

Binti alimlipa mwandishi wa mabango mara ya pili. Sasa Kiswahili ndicho mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa, na Kiarabu kipo chini yake.

Si wote waliorudi. Mzee mmoja alionja chai akasema imepoteza ladha ya moshi, na alisema kweli. Binti hakumpinga, na mteja huyo hajaonekana tena. Yule ami alikuja siku ya tatu. Alisimama mlangoni, akatazama dari, taa na vigae, halafu akaitazama meza.

"Masalkheri," akasema, akavuta benchi. Chai ilipoletwa, mwenye mgahawa mwenyewe alikuwa ameshakaa kando yake.