Fidia ya mchezaji huru: sheria ndogo inayotesa programu yangu

Leo naomba tuyaache kidogo mambo ya seva na simu, tuzungumze kuhusu besiboli. Usikimbie! Huhitaji kujua mpira ule unavyopigwa.

Kwa miezi kadhaa sasa, jioni nikitoka kazini, nimekuwa nikiandika programu inayoigiza uendeshaji wa timu za besiboli ya Marekani. Wewe ni meneja wa timu moja: unasajili, unauza, unalipa mishahara. Tarakilishi inaendesha timu nyingine 29. Michezo ya aina hii si mipya. Baseball Mogul ilitoka mwaka 1997, na Out of the Park Baseball, iliyobuniwa na Mjerumani Markus Heinsohn, ikafuata 1999. Wale mliokosa usingizi kwa sababu ya Championship Manager mnaujua vizuri ugonjwa huu.

Kurusha na kupiga mpira hakukunisumbua sana, maana hizo ni hesabu za uwezekano tu. Kilichonitoa jasho ni swali moja: mchezaji akimaliza mkataba na kwenda zake, timu aliyoiacha inafidiwa vipi?

Sheria yenyewe

Katika kandanda ya Ulaya, tangu hukumu ya Bosman ya Desemba 1995, mchezaji aliyemaliza mkataba kwa kawaida huhama bila ada ya uhamisho. Besiboli ya Marekani ina njia yake. Timu ikimpoteza mchezaji huru aliye mzuri hufidiwa, lakini si kwa pesa. Hufidiwa kwa nafasi ya kuchagua chipukizi. Kila mwaka timu hupokezana kuchagua vijana kutoka shuleni na vyuoni, na zoezi hilo huitwa drafti (si ile yetu ya vizibo vya soda!). Nafasi ya mapema ni mali kubwa.

Hadi mwaka 2011 wachezaji walipangwa kwa takwimu za misimu miwili na kampuni ya Elias Sports Bureau. Timu iliyompoteza mchezaji wa kundi A ilichukua nafasi ya juu ya timu iliyomsajili, na juu ya hiyo ikapewa nafasi ya ziada kati ya raundi ya kwanza na ya pili. Kwa mchezaji wa kundi B, ilipata ile ya ziada tu. Timu 15 za mwanzo wa drafti zililindwa. Hizo zilipoteza nafasi ya raundi ya pili badala ya ya kwanza.

Kuanzia mwaka 2012 utaratibu ukabadilika. Sasa timu humpa mchezaji wake ofa ya mwaka mmoja, kwa mshahara ulio wastani wa mishahara 125 ya juu kabisa. Mwaka 2012 ofa hiyo ilikuwa dola milioni 13.3, kufikia 2024 ilikuwa milioni 21.05. Mchezaji akiikataa na kusajiliwa kwingine, ndipo fidia inapodaiwa.

Ukiyasoma hayo haraka utasema: hii ni mistari mitano ya msimbo. Akiondoka, hamisha nafasi. Twende polepole.

Mtego wa kwanza: mpangilio

Mwishoni mwa 2008 New York Yankees walikubaliana na wachezaji watatu wa kundi A: CC Sabathia aliyetoka Milwaukee, A.J. Burnett aliyetoka Toronto, halafu Mark Teixeira aliyetoka Angels. Sabathia alitangulia, kwa hiyo Milwaukee walitarajia nafasi ya raundi ya kwanza ya Yankees. Lakini kanuni haikuangalia nani alisajiliwa kwanza. Iliangalia nani ana alama za juu zaidi za Elias, na huyo alikuwa Teixeira. Angels wakapata raundi ya kwanza, Milwaukee wakashushwa hadi ya pili, Toronto hadi ya tatu.

Na Angels walifanya nini na nafasi hiyo, ya 25 katika drafti ya 2009? Walimchagua kijana anayeitwa Mike Trout, ambaye baadaye alitawazwa mchezaji bora wa ligi yake mara tatu.

Kwa mwandishi wa programu, somo ni hili: usihamishe nafasi siku ya usajili. Andika deni kwenye jedwali, kisha ulipige hesabu upya kila mchezaji mpya anapoongezeka. Na usisahau tarehe. Teixeira alifika Angels Julai 2008, katikati ya msimu. Chini ya kanuni za tangu 2012, mchezaji aliyehamia timu katikati ya msimu hawezi kupewa ile ofa, kwa hiyo Angels wasingepata nafasi ya 25. Ndiyo maana kanuni zangu zote zinakaa kwenye hifadhidata pamoja na mwaka wa kuanza na mwaka wa kuisha. Ukichagua kucheza msimu wa 2008, unahukumiwa kwa sheria za 2008.

Mtego wa pili: bei si moja kwa kila mnunuzi

Februari 2014 Baltimore Orioles walimsajili Ubaldo Jiménez na kupoteza nafasi yao ya raundi ya kwanza. Siku chache baadaye wakamsajili Nelson Cruz. Yeye aligharimu nafasi ya raundi ya pili tu, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imeshakwenda. Cruz alikuwa amekataa ofa ya dola milioni 14.1 kutoka Texas, akaishia kukubali milioni 8 za mwaka mmoja. Msimu huo alipiga "home run" 40, nyingi kuliko mtu yeyote katika ligi zote mbili.

Kwa hiyo gharama ya fidia si nambari iliyobandikwa kwenye kipaji cha mchezaji. Inategemea nani ananunua na ameshanunua nini. Makubaliano ya Desemba 2016 yaliongeza ugumu: timu iliyovuka kikomo cha kodi ya mishahara hupoteza nafasi zake mbili, ya pili na ya tano kwa ubora, lakini timu inayopokea mgao wa mapato hupoteza ya tatu pekee. Mchezaji ni yule yule, lakini bei zake ni tofauti.

Mtego wa tatu: kalenda

Kendrys Morales na Stephen Drew nao walikataa milioni 14.1 mwishoni mwa 2013. Msimu wa 2014 ukaanza wakiwa nyumbani. Drew alirudi Boston, timu yake ile ile, mwezi Mei. Morales alisajiliwa na Minnesota mwezi Juni, mara tu baada ya drafti kupita. Kwa nini baada ya drafti? Kwa sababu drafti ikipita, deni la fidia linakufa. Mwaka 2019 Dallas Keuchel na Craig Kimbrel nao walisubiri hadi Juni.

Programu ambayo timu zake hazijui kusubiri haitaonyesha jambo hili kamwe. Ni lazima kila timu ijiulize: nimsajili leo na kupoteza nafasi, au nivumilie wiki nane nimpate bila gharama hiyo?

Lililo gumu kuliko yote

Hapa ndipo ninapofikia hoja yangu. Kuhamisha nafasi kutoka safu moja hadi nyingine ni kazi rahisi. Sheria ya fidia huanza kazi yake kabla ya nafasi yoyote kuhama, ndani ya vichwa vya watu. Ndani ya programu yangu, kila timu inafanya hesabu hii:

faida = thamani ya mchezaji − mshahara − thamani ya nafasi itakayopotea

Kwa nyota mkubwa, kipande cha mwisho ni kama tone baharini. Kwa mchezaji wa daraja la kati mwenye miaka 33, kipande hicho hicho kinaweza kumeza faida yote. Na timu haiachi hasara hiyo imwangukie yenyewe. Inaikata kwenye mshahara wa mchezaji.

Hili sikulijifunza kwenye besiboli. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimeajiriwa na kampuni moja ya Nairobi (jina tuliache). Mkataba ulisema nikiondoka kabla ya miaka miwili kuisha, gharama za mafunzo zirudishwe: shilingi 180,000. Kampuni nyingine ilinitaka, ikakubali kulipa. Lakini barua ya ajira ilipofika, mshahara ulikuwa umepungua kwa shilingi 15,000 kila mwezi kulinganisha na tulivyozungumza. Zidisha kwa miezi 12 uone. Kwenye karatasi mwajiri mpya ndiye aliyelipa. Mfuko uliotoboka ulikuwa wangu.

Wachezaji wa besiboli walilielewa hili mapema. Mwaka 1981 wenye timu walidai kwamba anayemsajili mchezaji huru amtoe mchezaji mwingine kama fidia. Wachezaji waligoma kuanzia Juni 12, na mechi 713 zikafutwa. Suluhisho lililopatikana lilikuwa kapu la pamoja la wachezaji ambao timu hazikuwalinda. Kutoka kapu hilo, Januari 1984, Chicago White Sox walimchukua Tom Seaver kutoka New York Mets, kama fidia ya Dennis Lamp aliyekwenda Toronto. Mets hawakuwa wamemsajili Lamp hata kidogo! Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1985. Jaribu kuuandikia msimbo uone.

Ninavyopima

Sipimi kama nafasi zimehama sawasawa. Napima tabia. Kuanzia 2012 hadi 2014 timu zilitoa ofa 34, na wachezaji wote 34 walikataa. Mwaka 2015 ndipo watatu wa kwanza walipokubali: Colby Rasmus, Matt Wieters na Brett Anderson. Nikiendesha misimu hiyo na nusu ya wachezaji wakakubali ofa, najua wachezaji wangu ni waoga kupita kiasi. Wakikataa wote miaka yote, bila kujali umri wala majeraha, basi hawana akili.

Nimeweka pia swichi ya kuizima sheria yote. Ukiizima, manyota wanalipwa karibu vile vile. Wa daraja la kati ndio wanaopata kazi mapema na kwa mshahara bora zaidi. Ukiiwasha, wanarudi kukaa nyumbani wakingoja simu ilie. Ningeweza kuificha swichi hiyo ndani ya faili la mipangilio, wachache wangeiona. Nimeiweka kwenye ukurasa wa kwanza wa mchezo, pamoja na idadi ya wachezaji ambao bado hawana timu.

Kwa leo niishie hapo. Bado sijaandika kapu la 1981, na wikendi inakuja.