Fukusi wa Ziwani

Fukusi hana sifa njema katika vinywa vya wakulima. Jina lake likitajwa, mtu hukumbuka ghala lililojazwa kwa jasho la msimu mzima, kisha likageuka vumbi. Kwa sababu hiyo, habari ya watu wazima wenye akili timamu kuwafuga fukusi katika mabeseni, kuwahesabu na kuwapeleka ziwani kwa mashua kama wageni waheshimiwa, ni habari ya kustaajabisha. Walakini hivyo ndivyo ilivyotendeka katika pwani za Ziwa Viktoria, Uganda tangu mwaka wa 1995 na Kenya tangu mwaka wa 1997. Hawakuwa fukusi wa mahindi. Walikuwa jamaa zao wa mbali, wenye asili ya Amerika ya Kusini, ambao chakula chao ni gugu maji.

Gugu lenyewe nalo ni mgeni kutoka bonde la Mto Amazon. Ua lake lina rangi ya zambarau hafifu, na uzuri huo ndio uliolisafirisha, maana watu walilichukua kupamba madimbwi ya bustani zao, nchi hata nchi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika Ziwa Viktoria, na Mto Kagera ukaendelea kulimimina humo kutoka Rwanda na Burundi. Katika maji yenye joto na rutuba huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa majuma mawili. Mwaka wa 1998 lilifunika hekta zipatazo 17,000 katika Ghuba ya Winam, mbele ya mji wa Kisumu. Mitumbwi ilikwama, nyavu zikanaswa, maji chini ya zulia lile yakakosa hewa ya kuwatosha samaki, na konokono wa kichocho wakapata makao. Mvuvi aliamka asubuhi akakuta upepo wa usiku umefunga njia yake ya riziki.

Gugu liliposafiri, maadui zake walibaki nyumbani. Hiyo ndiyo siri ya nguvu zake ugenini, na hiyo ndiyo hoja ya wataalamu waliowafuata maadui hao huko Argentina. Fukusi mzima hukwangua majani, na zaidi usiku. Lakini kazi kubwa hufanywa na mtoto wake. Jike hutaga ndani ya jani, buu hutoboa kikonyo akishuka polepole hata moyo wa mmea, kisha hujifungia kwenye mizizi chini ya maji mpaka apate mbawa. Matundu yale huingiza maji na kuvu. Mmea hudumaa, huoza, huzama.

Ataliwa nani gugu likiisha? Swali hili huulizwa na kila mwenye shamba, na ni swali la haki. Wataalamu hulijibu kwa kumweka mdudu mbele ya mimea mingine, hasa mazao, ili waone kama atakula na kuzaa au atakufa kwa njaa. Fukusi hawa hawakuweza kuendesha kizazi chao pasipo gugu maji. Si kila mdudu yuko hivyo. Nondo wa mpungate, aliyetolewa Argentina mwaka wa 1925, aliyakomboa mashamba mapana ya Australia, nchi isiyokuwa na mpungate wa asili. Mwaka wa 1957 alipelekwa visiwa vya Karibi; mwaka wa 1989 akaonekana Florida, akila mpungate wa kienyeji, jirani na Meksiko ambako mmea huo ni chakula cha watu. Mdudu alikuwa yule yule, tabia yake ile ile.

Ziwani, gugu lilipungua sana baina ya mwaka wa 1998 na 2000. Wengine walimsifu fukusi. Wengine walisema ni mawimbi na mawingu ya mvua kubwa za El Niño za mwaka wa 1997 na 1998. Yaelekea wote wana sehemu ya haki, kwani mmea uliokwisha kutobolewa hauna nguvu za kushindana na mawimbi. Lakini lililo zito zaidi ni lile lililofuata. Gugu lilipozama, fukusi wengi walipoteza chakula na makao. Mbegu zilibaki katika tope, na zaweza kuishi humo miaka mingi. Baada ya mvua za mwisho wa mwaka wa 2006 Ghuba ya Winam ilifunikwa tena, na fukusi walikuwa wachache mno.

Tena maji yenyewe humsaidia gugu. Uchafu wa miji, mbolea ya mashamba na udongo wa vilima vilivyofyekwa vyote huishia ziwani, na gugu lililoshiba huota majani upesi kuliko buu awezavyo kuyatoboa. Fukusi hana dawa ya mfereji wa maji machafu. Hata waling'oao kwa mikono au kwa mashine, wakilitupa lote pwani, hulitupa pamoja na adui wake. Ndiyo maana baadhi ya wavuvi na majirani zao walifundishwa kuwatunza fukusi katika mabeseni kando ya ziwa, wakiwapa majani mabichi ya gugu, ili litakaporudi wawepo wa kulipokea.