Pampu Iliyokuwa Ikiulizwa Kwanza

Mwezi uliopita, katika kiwanda kimoja cha rangi jijini Dar es Salaam, kijana aliyetoka chuoni juzijuzi aliniambia pampu yao ya upepo imekufa. Rangi ilikuwa inatokea kwenye egzosi. "Mmeifungua?" nikamuuliza. "Hapana, mzee. Si inavuja?" Jibu hilo limenikera mpaka leo.

Nilianza usaidizi wa fundi mwaka 1983. Spea hazikuwepo. Pampu zetu zilikuwa za aina aliyoibuni Jim Wilden huko California mwaka 1955: diaframu mbili kwenye shafti moja, upepo ukiisukuma hii, ile inavuta. Fundi wetu mkuu, mzee wa Tanga aliyenukia thina hata siku ya Idi, hakushika spana kabla hajaiuliza pampu.

Kwanza alifunga vali ya kutolea rangi, upepo ukiwa wazi. Pampu nzima hapo husimama yenyewe, maana rangi haina pa kwenda. Ikiendelea kupiga polepole, alijua rangi inarudi ndani: ama gololi hazikai sawasawa kwenye viti vyake, ama diaframu imetoboka. Ikisimama huku egzosi inapumua mfululizo, alianza na vali ya upepo. Kisha aliweka kiganja mbele ya egzosi, akakinusa. Kikinuka thina, diaframu imepasuka na rangi imevukia upande wa upepo.

Maungio ya upepo aliyapaka povu la sabuni ya Foma kwa brashi ya kunyolea, akasubiri lichemke. Rangi ikitoka na mapovu, Foma haikufaa, kwa kuwa mpira wa kuvutia hunyonya hewa badala ya kuitoa. Aliuchomoa, akafunga mpira mfupi mzima na kuuchovya moja kwa moja kwenye ndoo. Mapovu yakikoma, ubovu uko kwenye mpira wa zamani. Yasipokoma, ndipo tulipofungua pampu.

Diaframu iliyopasuka aliiosha na kuitandaza mezani, nasi tukiinamia. Iliyovimba na kulainika ilikuwa imelishwa thina isiyoiweza. Yenye tundu moja dogo ilikutana na kipande cha chuma, na siku hiyohiyo tulikagua chujio. Gasketi tulikata kwa tindo kwenye tyubu kuukuu. Tulijua zitavimba, lakini zilitufikisha mwisho wa mwezi.

Baadaye kiwanda chetu kikauzwa, spea zikajaa, wazee wakastaafu. Tefloni iliondoa shida nyingi za thina, nami naisifu. Zikaja pampu za plastiki, ambazo bolti zake hulegea kadiri plastiki inavyojibana. Dawa ni kufunga upepo, kuiacha ipoe, kisha kukaza kwa spana ya kipimo. Nimeziona zikitupwa kwa kosa hilo tu, na inauma.

Sasa kuna vihisi vinavyowasha taa diaframu ikipasuka. Ni vizuri, lakini taa haisemi kama ni thina au ni chuma. Diaframu mbovu inatupwa bila kuoshwa, na mpya inafungwa kwenye rangi ileile iliyoiua ya kwanza.