Barua kutoka Manchester: Weatherfield na Walford

Katika tamthilia za mfululizo za Uingereza, mbili zimezipita nyingine zote kwa umaarufu. Coronation Street ya ITV ilianza tarehe 9 Desemba 1960. Aliyeitunga ni Tony Warren, aliyekuwa na umri wa miaka 24 tu, na mji wake wa kubuni, Weatherfield, umefinyangwa kwa sura ya Salford, jirani wa Manchester. EastEnders ya BBC ilifuata tarehe 19 Februari 1985, ikiwa na makao Walford, kitongoji cha kubuni mashariki ya London. Kila mtaa una baa yake: Rovers Return huko Weatherfield, Queen Vic huko Walford. Humo ndimo siri zote humwagika, kwa kuwa watu wa tamthilia hawana desturi ya kugombana nyumbani na mlango umefungwa.

Shabiki wa kweli huzijua kanuni. Harusi ikienda salama hadi mwisho, basi msiba u njiani. Mhusika akitangaza kwamba hajawahi kuwa na furaha kama leo, watazamaji huanza kumlilia mapema. Krismasi ndiyo mbaya kuliko zote: siku hiyo mwaka 1986, Den Watts wa EastEnders alimkabidhi mkewe Angie karatasi za talaka badala ya zawadi, na watazamaji wapatao milioni 30 wakashuhudia, zaidi ya nusu ya taifa zima.

Mapenzi ya watazamaji kwa tamthilia hizi yamefika mbali. Mwaka 1998 Deirdre wa Coronation Street alifungwa jela kwa hila za mwanamume tapeli aliyejifanya rubani. Magazeti yalidai aachiliwe, na Waziri Mkuu Tony Blair mwenyewe akalizungumzia jambo hilo hadharani. Mafundi wa gridi ya taifa nao walilazimika kufuata ratiba ya televisheni, maana kipindi kilipokwisha mamilioni waliinuka pamoja kuwasha birika za umeme. Kituo cha Dinorwig, ndani ya mlima huko Wales, huweza kufungulia maji na kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache ili chai ya watu hao isikwame.

Hata hivyo, ubora wa tamthilia hizi hauko kwenye vishindo. Uko kwa wazee. William Roache amemwigiza Ken Barlow tangu kipindi cha kwanza kabisa, kwa zaidi ya miaka 60. Watazamaji waliokuwa watoto siku ile sasa wana wajukuu. Mwezi Januari 2008, June Brown alikibeba kipindi kizima cha EastEnders peke yake, akiwa Dot anayezungumza na kinasa sauti kwa ajili ya mumewe mgonjwa. Nusu saa, mwanamke mzee mmoja, na hakuna aliyebadili stesheni. Filamu nyingi zenye milipuko na magari ya kifahari hazijafikia hapo.

Tamthilia hizi hufundisha pia. Redioni, The Archers ya BBC ilianza kurushwa nchi nzima mwaka 1951, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuwapa wakulima maarifa ya kilimo. Mwaka 1991 EastEnders ilimwonyesha Mark Fowler akiishi na virusi vya UKIMWI, wakati wengi waliogopa hata kuutaja. Wasikilizaji wa Tanzania wanaijua njia hiyo: mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, na dereva wa lori Mkwaju, mwenye wapenzi njia nzima, akawafikisha watu kwenye mazungumzo ambayo hotuba za wataalamu hazikuyafikia.

Anayewadharau watu wa tamthilia kwamba wanapoteza muda amekosea. Mgeni anayehamia Uingereza na kutaka kuwafahamu wenyeji, namna wanavyotaniana, wanavyonuniana na wanavyozikana, aanze na Coronation Street kabla ya taarifa ya habari.